Siku Niliyomvua Bibi Harusi Asumini

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunipata moto. Wazee wenzangu wakiwakalisha chini huwahadithia makosa ya ujana, ya zamani kweli kweli, ili mseme, ah, bibi alikuwa mtoto. Mimi la kwangu ni la juzi juzi tu, na mvi ninazo kichwa kizima. Kwa hivyo kaa vizuri unisikize, maana sitalisema mara mbili. Linaniuma.

Kazi yangu unaijua, ni kutunga asumini za harusi. Watu wa Likoni yote wananijua, ukifika Bofu ukiuliza Bi Zuhura wa maua utaletwa mpaka mlangoni. Na asumini ina tabia yake. Huchumwa baada ya adhuhuri ingali imefumba, hutungwa upesi upesi kwa sindano na uzi, kisha jioni ikishavaliwa ndipo inapofunguka, ikanukia shingoni mwa bibi harusi. Ukichelewa inakufungukia mikononi. Ikilala hadi kesho, kingo zake hugeuka rangi ya chai. Sasa mtunga maua kumwambia mbele ya watu kwamba amemvisha bibi harusi maua ya jana, ni sawa na kumwambia mpishi wa harusi kuwa nyama yake ni mzoga. Hakuna mama atakayekubali ua lililolala limguse mwanawe siku ile. Wasema ni nuksi.

Nina wifi yangu, Mwanaisha, dada wa marehemu mume wangu. Yeye anakaa ng'ambo ya Kisauni, Mjambere, na yeye pia anatunga. Mama yao ndiye aliyetufundisha sote wawili, mimi nikiwa bibi harusi mpya nyumbani mwake. Tukikaa mkekani, mama akipita husema, "Mashaallah, Mwanaisha, mkono huo." Kwangu hupita bila ya kusema kitu. Basi siku moja mchana, wenyewe wamelala, nikachukua koja la Mwanaisha nikalikata uzi. Asumini zikamwagika mkekani zote. Nainua macho, mama mkwe yuko mlangoni, ananitazama.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Zuhura, mkono wako mwepesi kuliko wa mwanangu. Lakini jicho lako halitulii kwako." Nikaomba radhi, nikalia kidogo, nikadhani yameisha. Hayakuisha, mwanangu. Wivu ule nilikuja nao hadi uzeeni, nikiulisha taratibu bila ya mtu kujua. Mwanaisha akijenga jiko jipya, naona. Mwanawe akipata kazi Maskati, naona. Tunacheka pamoja, tunakula pamoja, na ndani yangu nahesabu.

Sasa tuje kwenye simu. Ile simu yangu nimekaa nayo miaka, kioo kimepasuka pembeni nimekibandika selotepu, lakini ilikuwa inanifaa. Watu siku hizi hawapigi. Wanakutumia picha: Bi Zuhura, nataka koja kama hili, Ijumaa. Nami nawajibu kwa sauti, inshallah, na kazi inaenda. Kisha ghafla picha zikakatika. Siku ya kwanza, kimya. Wiki nzima, kimya. Na ilikuwa miezi ya harusi! Simu yenyewe ilikuwa inapiga na kupokea vizuri, kwa hivyo haikunipitia akilini kwamba ina ila. Kweli, kampuni ilikuwa imeniletea ujumbe mfupi, mara mbili au tatu, habari za mtandao gani sijui. Mimi nikadhani ni wale matapeli wa umeshinda zawadi, nikaufuta.

Katika kimya hicho nikasikia kwamba Mwanaisha ametumiwa simu mpya na mwanawe wa Maskati. Simu, wanasema, pana kama sinia. Na harusi ya Shelly Beach ametunga yeye. Na ya Mtongwe ametunga yeye. Mtongwe, mwanangu! Huku kwangu! Nilipolisikia hilo nikaweka sindano chini. Nikasema, kumbe. Amengoja apate simu nzuri ndio aje kunichukulia watu wangu mpaka mlangoni.

Akawa ananipigia. Naliona jina lake kwenye kioo, Wifi Mwanaisha, naigeuza simu kifudifudi mpaka inyamaze. Akipiga tena, nasema, piga mpaka uchoke. Wallahi niliona raha. Unaijua ile raha ya kumnyima mtu jibu? Basi mimi niliila ile kama halua.

Halafu ikaja harusi ya Jomvu Kuu. Bi Salama wa Jomvu Kuu ni mtu wangu wa zamani, nilimtungia siku yake mwenyewe alipoolewa. Sasa anaoza bintiye, Nuru. Mwaliko ukaja kwa mdomo, kama desturi, mama wawili na mabuibui yao wakapita nyumba kwa nyumba hata kwangu. Lakini oda ya maua sikupewa. Nikasema, makubwa haya. Nimeitwa nile pilau, maua apewe nani? Nilijua amepewa nani. Nikavaa, nikajifukiza udi, nikaenda. Sikwenda kwa furaha, nilikwenda kutazama.

Nikafika mapema, wanawake bado wachache. Nikaingia chumbani kwa bibi harusi. Nuru amekaa, hina imemkolea, mashaallah, na shingoni koja. Mistari mitatu, waridi jekundu katikati. Mwanangu, hilo koja ni langu! Mtindo ule nimeubuni mimi kwa mikono yangu hii, na Likoni yote inajua ni wa Bi Zuhura. Sikuuliza nani ametunga. Hicho kidole cha Mwanaisha nakijua hata gizani.

Nikaziangalia zile asumini kwa karibu. Zilikuwa zimeshafunguka nusu, na jua halijatua. Nilijua kwa nini. Mtu akitoka Mjambere na kapu la maua, avuke Nyali, akwame Makupa kwenye foleni ya malori, mpaka afike Jomvu Kuu maua yatakuwa yameanza kufunguka njiani kwa joto. Kingo zilikuwa nyeupe pe, hazina hata alama. Yalikuwa maua ya siku ile ile. Nilijua, na ninataka ulisikie neno hilo vizuri. Nilijua.

Nikamvuta Bi Salama pembeni, na sikuishusha sauti. "Salama, mimi sisemi kitu, lakini maua haya yamelala. Haya ni ya jana."

Mama wa watu akaganda. "Ya jana? Bi Zuhura, una hakika?"

"Mimi nimetunga maua kabla wewe hujaolewa. Tazama mwenyewe, yamefunguka saa hii?"

Wanawake waliokuwa chumbani wakageuka. Salama hakungoja. Akamwendea mwanawe, akalitoa lile koja shingoni, na vikuba vya nywele, akatupa vyote ndani ya sinia. Nuru akawa anauliza, "Nini, mama? Nini?" Hapo ndipo Mwanaisha akatoka chumba cha nyuma, alikuwa ameenda kutia udhu. Akalitazama sinia. Akamtazama Salama. Kisha akaniona mimi. Akachukua buibui lake na kapu lake tupu, akatoka, na wanawake wakampisha njia kama mwenye maradhi.

Nami nikakaa nikala pilau. Ndiyo, nilikula. Nikaongezwa.

Siku ya pili asubuhi nikasema, na simu pia nitanunua, nami niwe na yangu mpya, tuone. Nikashuka mpaka kwenye duka la simu karibu na feri. Kulikuwa na binti mwenye adabu, na watu wamejaa dukani. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nipe simu nzuri, hii yangu imekufa."

Akaichukua, akaibonyezabonyeza. "Haijafa, bibi. Mtandao wake ndio umezimwa. Kampuni imeuzima ule wa zamani, na huu mpya simu hii haiushiki. Kupiga utapiga, lakini picha na sauti za watu haziingii. Hukuletewa ujumbe?"

Nikamwambia sijui ujumbe gani. Nikanunua mpya, naye akaitoa laini yangu akaitia humo, akanifungulia kila kitu kwa namba yangu ile ile. Mara simu ikaanza kulia. Ti, ti, ti, ti. Haikomi. Ujumbe wa wiki tatu ulikuwa umekaa unaningoja huko ulikokwama. "Bibi, una watu wengi," yule binti akasema anacheka. Bi Zuhura uko? Bi Zuhura mbona hujibu? Bi Zuhura basi tumwone nani? Wateja wangu wote waliokwenda kwa Mwanaisha, kwanza walinijia mimi.

Na chini yao kulikuwa na sauti za Mwanaisha. Nikabonyeza, sijui hata pa kupunguzia sauti, na simu mpya ina sauti kubwa. Duka zima likasikia.

"Wifi, assalaam alaikum. Watu wako waja kwangu, wasema huwajibu. U mzima? Nakupigia hushiki."

"Wifi, Salama wa Jomvu Kuu ataka koja la mwanawe. Nimemwambia angoje kidogo, wewe ndiwe mwenye kazi. Nijibu basi, nna wasiwasi nawe."

"Zuhura, kesho ndiyo harusi. Nimemwambia Salama simu yako ni mbovu, nitatunga mimi, usije ukavunjikiwa na jina lako bure. Nitatunga vile utungavyo wewe, mistari mitatu na waridi. Leso watakayonipa nitakuletea, ni yako."

Ya mwisho ilitumwa baada ya harusi. Ilikuwa fupi.

"Zuhura. Ulijua ni ya leo."

Yule binti wa duka akainamisha uso akajifanya anapanga chaja. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya watu nisiowajua, na machozi yakanitoka kama mtoto.

Siku ile ile nikapanda feri nikaenda Mjambere. Mwanaisha alinifungulia, akanipa maji, kwa sababu ni mtu wa adabu. Nikamwambia yote, hata lile koja nililomkatia uzi ujanani, hilo alikuwa hajui. Akanisikiza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini hukuja kunisema hapa chumbani tukiwa wawili. Ulinisema kule, watu wamejaa. Nenda kayaseme kule."

"Twende sote, wifi."

"Mimi siji. Nilishatoka pale mara moja."

Wiki iliyofuata kulikuwa na maulidi ya wanawake nyumbani kwa Salama. Yalipokwisha, kabla ya kahawa, nikasimama. Mwanangu, nimesimama katika harusi ngapi nikipigiwa vigelegele? Siku hiyo nilisimama bila hata kimoja. Nikasema, "Maua aliyovaa Nuru yalikuwa ya siku ile ile. Mwanaisha hakukosa kitu. Mimi nilisema uongo, na nilisema kwa wivu." Salama alikuwa anaukunja ushungi wake, anaukunjua, anaukunja tena.

Aliyeinuka ni Nuru. Mimi, na nikuambie kweli, katika wiki ile yote nilimfikiria Mwanaisha, nikajifikiria mimi, nikalifikiria jina langu. Yule mtoto sikumfikiria hata mara moja. Akaja akakaa karibu nami, akaniomba simu kwa adabu. Akashuka mpaka kwenye ujumbe ambao nilikuwa bado sijaufungua, akanionyesha. Ilikuwa picha ya zamani ya karatasi, imepigwa tena kwa simu: Salama siku ya harusi yake, na shingoni koja langu, mistari mitatu na waridi katikati.

"Hii nilikutumia mimi, bibi," akasema. "Nilitaka nivae kama mama, tuzitie picha zetu mbili ukutani pamoja."

Kisha akafungua simu yake, akanionyesha za kwake. Moja moja, bila ya haraka. Amekaa, amesimama, amekumbatiwa na mamake. Shingo tupu katika zote.

Nikamwambia, "Nitakutungia, mwanangu. Nitakutungia hata kesho."

Akasema, "Siku yangu imeshapita, bibi." Akanirudishia simu.

Basi hayo ndiyo yangu. Mwanaisha siku ya Idi tunakula sahani moja, lakini akiwa anatunga nami nikiingia, hulifunika kapu. Nami simlaumu, maana najua nimelifunikisha mimi. Ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Ukiona wivu, uuite jina lake, wivu, huko huko moyoni mwako, kabla haujavaa nguo ya haki ukatoka nawe nje. Mwenzio akinyamaza, mwendee mguu kwa mguu ukamuulize. Akikupigia, shika simu, hata kama una hasira, shika, useme una hasira. Na ukimharibia mtu jina mbele ya watu, usiende kumlilia chumbani, nenda mbele ya watu wale wale. Na ujue kwamba kila unapompiga mmoja, yuko mwingine nyuma yake usiyemwona, huyo hana hata habari na ugomvi wenu, na yeye ndiye utakayemuumiza kuliko wote.

Mola akutulize jicho lako, mwanangu, likae kwenye kazi ya mkono wako. Akupe riziki yako na akufanye uifurahie ya mwenzio. Siku yako ikifika, uivae kama ulivyoiomba, asiwepo wa kukuvua. Amina, haya inuka, ukaniletee hilo kapu na sindano.