Nyumba Isiyofagiliwa, Nairobi hadi London

Kwetu Msambweni mtu akisafiri, nyumba haifagiliwi mpaka awe amefika aendako. Ukifagia kabla, umeifagia na njia yake ya kurudi. Kwa msafiri wa Mombasa hilo halikutusumbua: alasiri amefika, ufagio unatoka. Lakini mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini, kaka yangu alikwenda kusoma London, kwa ndege. Nyumbani aliondoka Jumanne kuwahi gari la moshi. Ndege yenyewe ingeruka Nairobi Alhamisi adhuhuri. Na Ijumaa alasiri wazee wa Wasini walikuwa waje kumposa dada.

Kufikia Alhamisi sakafu ilikuwa mchanga, maganda ya muhogo na nyayo za kuku. Dada akanishika mkono.

"Wewe ndiwe msomi wetu. Hebu mfikishe kaka upesi!"

Sikuwahi kupewa kazi tukufu kama ile. Nilitwaa atlasi ya shule na uzi wa mama wa kushonea, nikaunyosha kutoka Nairobi hadi London, nikaupima kwa rula: maili elfu nne na mia mbili na ushei. Nikagawa kwa mwendo wa ndege niliousoma gazetini. Saa kumi na tano! Nikatoka uani mbio.

"Kabla ya alfajiri amefika!"

Dada akapiga kigelegele, ufagio tayari mkononi.

Ng'ambo ya ua alikuwapo jirani yetu, aliyewahi kuwapikia marubani Nairobi. "Na mafuta itanywa wapi, bwana mkubwa?" akauliza. "Itatua Entebbe, Khartoum, Cairo, Roma. Na kila inapotua, abiria hushuka wakanywa chai."

Hesabu yangu haikuwa na chai. Nikaanza upya: Ijumaa magharibi. Ili kuokoa heshima, nikaongeza kwamba isitoshe, saa za London ziko nyuma ya zetu.

"Nyuma?" mama akashtuka. "Basi ndiyo kwanza hajafika! Weka ufagio chini."

Dada alilia, kisha akatandika mikeka mipya juu ya mchanga wote. Ijumaa wageni wakaja. Baba wa mchumba alivua viatu, akakanyaga mkeka, ukalia kwacha.

"Mna msafiri?" akauliza.

"Yuko angani," baba akajibu.

"Angani wapi?"

Macho yote yakanigeukia. Nikaleta atlasi, nikaweka kidole. "Ameshaiacha Roma. Sasa yu juu ya milima ya Ufaransa!"

"Mashallah!" Wazee wakaiinamia ramani, kofia zikagongana. Huko juu anaelekea wapi akiswali? Milima haimgusi? Mmoja akataka nimpimie Wasini hadi Jeddah, mwingine hadi Bombay. Nikapima yote, sauti yangu ikipanda kwa kila bandari. Chuo kikuu nilikwenda baadaye, na madarasa nikafundisha, lakini wasikilizaji kama wale sijawapata tena. Hakuna aliyekumbuka kilichowaleta, mpaka dada akakohoa nyuma ya pazia, kwa nguvu, mara tatu.