Aliniuliza Mara Moja Tu

Mimi ni mtu wa swali la pili. Hivyo ndivyo nilivyolelewa Jego, na hivyo ndivyo nilivyoharibikiwa Diani, mchana kweupe, mbele ya sinia la kaimati, katikati ya watu niliosoma nao.

Nieleze kwanza, maana vijana wa siku hizi ukiwauliza habari wanakumwagia zote pale pale mlangoni, homa, ugomvi na paa linalovuja. Kwetu haikuwa hivyo. Swali la kwanza lilikuwa la heshima tu. Ukiulizwa habari, unajibu njema, hata kama umetoka kuzika. Mleta habari za msiba mwenyewe akifika husema "salama", akakaribishwa, akapewa maji, kisha akaulizwa tena: "Na wazee je, hawajambo wote?" Hapo ndipo husema, "Hawajambo, ila..." Jambo lolote lenye uzito lilikaa nyuma ya hiyo "ila". Na asiyekuuliza mara ya pili ulijua kuwa hana haja na habari zako.

Nilisoma chuo cha ualimu kabla ya vita vikuu vya pili, pamoja na vijana wengine wa pwani ya kusini. Tulilala bweni moja refu, na kitanda kilichopakana na changu kilikuwa cha kijana wa Msambweni. Tulikuwa marafiki wa kugawana kipande cha sabuni. Likizo moja alichelewa kurudi. Alipoingia nikamwuliza habari za nyumbani, akasema njema, akaketi kitandani kufungua mzigo wake. Nikauliza tena, "Na mama hajambo?" Mikono yake ikasimama kwenye fundo la kamba.

"Hajambo," akasema, "ila tumemzika Ijumaa."

Nilikaa naye mpaka akalia akamaliza. Baadaye aliniambia, "Usingeniuliza tena, yakhe, ningekaa nalo moyoni mpaka chuo kifungwe." Naliandika hili mapema ili ijulikane kuwa desturi aliijua. Hakuna wa kunidanganya kwamba hakuijua.

Tulipomaliza, kila mtu alipata njia yake. Mimi nilirudishwa Jego, kule mwisho kabisa wa kusini, karibu na Vanga, ambako ukitupa jiwe kwa nguvu linaangukia Tanganyika. Nilifundisha chini ya makuti, kisha chini ya mabati, darasa la kwanza mpaka la nne. La tano halikuwako. Mwanafunzi wangu akishinda mtihani alipaswa kwenda kukaa ugenini akasomee mbali, na wengi hawakwenda. Niliwaona wavulana wenye akili za kuwa makarani wakivuta nyavu, na sisemi kuvuta nyavu ni aibu, ila hawakuchagua wao. Mwenzangu wa Msambweni alipanda. Akawa mwalimu mkuu, akahamishiwa Mombasa, na ilipofika katikati ya miaka ya hamsini alirudi kwetu akiwa mkaguzi wa shule, mwenye gari la serikali na dereva wake.

Wakati huo binti yangu alikuwa darasa la nne, shuleni kwangu mwenyewe. Alikuwa amechelewa kuanza shule, kama wengi zama zile, kwa hiyo alikuwa msichana mkubwa tayari, na macho ya watu yalikuwa yamekwisha kumwona. Nimefundisha watoto wengi na sijapata kumfundisha mwingine kama yeye. Hesabu nilizompa alizirudisha kabla sijakaa. Alitaka kuwa mwalimu, na alilisema hilo kama vile limekwisha kupita, bado kuvaa viatu tu.

Lakini kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Kaka wa mke wangu alikuwa amepokea posa kutoka Gazi, ya mtu mzima mwenye biashara ya boriti za mikoko. Nikambembeleza. Mwisho akanipa sharti, tena mbele ya mashahidi.

"Shemeji," akaniambia, "darasa la tano likifunguliwa hapa Jego, asome, sina neno. Lakini binti wa dada yangu hatakwenda kulala nyumba za watu kwa ajili ya kitabu. Likikosekana, ataolewa."

Nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimesikia uvumi wa kweli. Fedha za serikali wakati ule zilikuwa zinakwenda bara, kwenye vita vya msituni vya Hali ya Hatari, na sisi wa kusini tulibakiziwa makombo. Hata hivyo ilisemekana shule moja ingepewa darasa la tano mwaka unaofuata, na wa kutoa shauri iwe ipi alikuwa mkaguzi. Mkaguzi ndiye yule mwenzangu wa kitanda. Nilimwambia mke wangu, "Mungu hamtupi mja wake." Nikacheka peke yangu njiani kama mwehu.

Kisha ukaja mwaliko. Mwenzetu mmoja aliyeacha ualimu akafungua duka Diani alitualika sote tuliosoma pamoja, tule, tuonane, tuambizane dunia imetufanya nini. Nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikapanda lori la nazi nikiwa nimeishika kofia mkononi isichafuke, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno yangu. Nilijua hata pa kuanzia. Ningeanza baada ya swali la pili.

Walikuja wengi kuliko nilivyotazamia. Nywele zilikuwa zimeota mvi na matumbo yametangulia. Tulikula, tukanawa, ikaja kahawa na kaimati, na mwenye nyumba akasema kila mtu atoe habari zake tangu tulipoachana. Mmoja alikuwa karani wa shamba la mkonge, akatueleza wazungu wa huko wanavyokunywa. Mwingine alikuwa ameoa mara tatu na kila mara, kwa maneno yake, kosa lilikuwa la mke. Mwingine alikwenda vitani Burma, akarudi, na zaidi ya hapo hakusema, nasi tukambembeleza kwa kahawa. Yule tuliyemwita mjinga wa darasa alikuwa na mashamba mawili ya minazi. Tulicheka sana. Sikatai kwamba ilikuwa raha, na ndiyo maana inaniuma kuikumbuka.

Mkaguzi alikaa mahali pa heshima, tai shingoni kwenye joto lile, saa ya mkononi ikimeta. Alikuwa mchangamfu. Ilipofika zamu yangu alinigeukia mwenyewe, kabla hata mwenye nyumba hajasema.

"Ee, jirani yangu wa kitanda! Habari za Jego?"

Nikajibu kama alivyonifundisha mama yangu. "Alhamdulillahi, bwana. Hatuna neno."

Nikakishika kikombe, nikangoja.

"Vizuri sana," akasema. "Hivyo ndivyo ninavyopenda kusikia." Akamgeukia aliyekaa kulia kwangu.

Aliyekaa kulia kwangu alikuwa mwalimu wa Kombani. Huyu tangu chuoni alikuwa hana subira wala haya. Akaulizwa, "Na Kombani je?" Akasimama wima, chembe za kaimati mdomoni. "Mbaya! Mbaya, bwana mkubwa! Watoto wanamaliza la nne wanazurura sokoni, wanageuka wachukuzi wa mizigo! Nataka darasa la tano, na nalitaka mwakani!"

Tuliona aibu kwa niaba yake. Mmoja alikohoa, mwenye nyumba akakimbilia birika la kahawa, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilijisemea kwamba huyu amekwisha kujiharibia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaandikia watoto ubaoni kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

Utaniuliza, ulimi wako ulikuwa wapi? Ulikuwa kinywani, umekaa kwa adabu. Tena sikuwa nimekata tamaa, kwa kuwa kwetu mgeni husindikizwa, na maneno mazito mara nyingi husemwa njiani, wawili wakitembea polepole. Mkaguzi alipoaga nikainuka mbele ya wote, nikatoka naye. Nilidhani tutakwenda mpaka barabarani. Gari lilikuwa limesimama mlangoni, dereva amekwisha kuliwasha, maana walikuwa wanakwenda Mombasa na aliogopa foleni ya feri ya Likoni. Mwenzangu akaingia, akanipa mkono dirishani.

"Nisalimie watu wa Jego," akasema.

"Salamu zitafika," nikasema, "ila..."

Gari halisindikizwi. Nilibaki pale na "ila" yangu na vumbi kwenye kanzu ya Idi.

Darasa la tano lilipewa Kombani. Nilipopata habari nilikwenda Kwale, kwenye ofisi yake, na safari hii sikungoja kuulizwa lolote. Nilimweleza habari za shule, za watoto wangu wa nyavuni, za binti yangu na sharti la mjomba wake. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa. Alisikitika kweli, sitamzulia.

"Lakini, yakhe," akasema, "mbona nilikuuliza mwenyewe, mbele ya watu, na ukaniambia hamna neno?"

"Uliniuliza mara moja," nikamwambia.

Akanitazama. Nikaona hakuelewa. Nikangoja akumbuke bweni, kitanda na fundo la kamba, nikangoja muda mrefu. Akasema kwamba majina yamekwisha kupelekwa, na kwamba mwaka mwingine atatufikiria. Laiti angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Alikuwa mtu mwema aliyeisahau desturi ile ile iliyomfaa siku ya msiba wake, na watu wa namna hiyo hawachukiki vizuri. Nimejaribu.

Mjomba hakungoja mwaka mwingine. Kwa haki ya Mungu, alikuwa ameahidi na akatimiza, na mimi nilikuwa nimekubali mbele ya mashahidi. Harusi ilikuwa na ngoma na wali wa kutosha. Binti yangu hakulia mbele za watu. Asubuhi ya kuondoka alinijia, akanipa mkono, nikamwuliza, "Hujambo, mwanangu?" Akajibu, "Sijambo, baba." Nikamwuliza tena, "Hujambo kweli?" Akajibu tena, "Sijambo," akaniangalia usoni, wala hakuweka "ila". Alijua wazi kwamba hakukuwa tena na kitu ambacho ningeweza kukifanya.

Tangu siku hiyo sikuenda kwenye mikutano yao. Waliendelea kukutana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila baada ya mkutano nililetewa habari nani amepandishwa, nani amehiji, nani amefariki. Mwalimu wa Kombani shule yake ilikua mpaka darasa la nane, na wasichana wawili wa kwanza waliotoka hapo wakawa walimu. Alinitumia salamu kwamba ananikumbuka. Nikajibu kwamba nashukuru, hatuna neno. Mzigo wa tabia hautuliki kwa siku moja.

Kisha ikaja Idi moja, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa barazani na mke wangu tukimngoja binti yetu. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, kapu kubwa la mkindu kichwani, jasho likimtiririka. Alikuwa amekonda. Wakati wote tangu aolewe alikuwa anakuja na kurudi, na kila mara tulipomwuliza alisema njema, nami nilipouliza mara ya pili alisema njema, mpaka nikaanza kuamini kwa sababu nilitaka kuamini.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Habari za Gazi?"

"Mbaya, baba."

Mama yake alishtuka, akainuka mkekani. "Astaghfirullahi! Ndivyo ulivyofundishwa? Hata mzigo hujautua, hata maji hujanywa!"

Binti yangu hakuutua. Aliliweka kapu sawa kwa mkono mmoja, akasimama pale pale juani.

"Nikiutua, mama, nitasema njema," akasema. "Basi nisikilizeni kabla sijautua."

Tukasimama sote wawili, tukamsikiliza.