Nyati Aliyepigwa Mshale Ana Maneno Matatu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, msimu wa mbaazi. Nakumbuka hivyo kwa sababu nilipofika kwa Mzee Nzioki, huko Ndithini, mkewe alikuwa akipukuchua mbaazi uani, na viganja vyake vilikuwa vimechafuka, akaninyooshea kifundo cha mkono nimsalimie.

Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Muthetheni, na shule niliyopangiwa ilikuwa huko upande wa Masinga, karibu na Ndithini. Kamati ya parokia ilitaka kutoa kijitabu cha Kikamba cha kusomwa na watoto, kuhusu kazi za zamani: mizinga, uhunzi, uwindaji. Mimi nilipewa uwindaji. Mzee Nzioki alikuwa mtu wa mwisho pale kijijini aliyewahi kuingia porini na wawindaji wa uta, wenye mishale iliyopakwa ivai, ile sumu ya kuchemshwa, kabla serikali haijapiga marufuku. Wenzake wote walikuwa wamezikwa.

Kabla ya Jumamosi hiyo nilikuwa nimekaa naye alasiri tatu. Alizungumza polepole, mara anainuka kunionyesha jinsi mtu anavyochutama upepo ukigeuka. Alikuwa na neno la unyayo ulioachwa kabla ya umande kuanguka, na neno lingine la unyayo ulioachwa baada yake. Nyati aliyepigwa mshale alikuwa na maneno matatu. La kwanza lilikuwa la nyati anayekimbia, sumu haijamfikia. La pili, la nyati aliyesimama kimya, kichwa chini. Sumu imeingia lakini macho bado yanaona. La tatu, la nyati aliyeanguka kabisa, ambaye unaweza kumkaribia na kisu. Mwindaji aliyetangulia ndiye aliyeita neno, na waliokuwa nyuma wakasogea au wakasimama kwa kulifuata.

Hapo akaniambia habari za mdogo wake, Muli. Kiongozi wao siku hiyo aliita neno la pili, na maana yake kwao ilikuwa kwamba mtu asisogee. Muli alilisikia vizuri. Lakini aliona mnyama hatikisiki, akasogea. Hakurudi nyumbani.

Nilimsikiliza kwa adabu, kalamu nimeiweka chini, nikingoja amalize ili turudi kwenye kazi. Ndivyo nilivyofikiri wakati huo, kwamba kazi ilikuwa mahali pengine.

Kosa langu lilikuwa la mtu wa upande wetu. Nilikulia katika Kikamba cha Biblia na cha vitabu vya shule, na sisi wa Muthetheni tuliamini hicho ndicho Kikamba chenyewe. Kile cha Ndithini, cha upande wa Masinga, tulikicheka. Basi kila neno la mzee ambalo sikulijua nililitafutia la kwetu. Yale maneno mawili ya nyayo niliyafanya kuwa makinya, yaani nyayo tu, neno ambalo kila Mkamba analijua. Yale matatu ya nyati niliyafanya kuwa moja. Nikapiga chapa kurasa tisa, safi, nikaona nimemfanyia mzee hisani.

Jumamosi hiyo nilikwenda kumsomea. Alikuwa amewaita majirani wawili waje kusikia. Chai ikamiminwa, nikasoma mpaka mwisho.

"Soma tena pale pa nyati," alisema.

Nikasoma.

"Hayo ni maneno ya nani?"

"Ni yako, Mzee. Nimeyanyoosha kidogo tu, ili watoto wayaelewe."

"Kwani yalikuwa yamepinda?"

Jirani mmoja akacheka ndani ya kikombe. Mama, mke wa mzee, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Amekuletea mwindaji wa Muthetheni. Huyo hata sungura hajawahi kumkimbiza."

Mzee hakucheka. "Mwalimu, mimi nilikupa matatu. Umerudi na moja. Mtoto akisoma hilo moja, atajua Muli alikufa namna gani?"

Nilirudi kwenye ukurasa wa nyati.

"Akisikia habari zake, atafikiri tu alikuwa mjinga. Mimi siko na picha yake. Kaburi lake siwezi kukuonyesha. Niko na hilo neno aliloitiwa, na nilitaka likae na jina lake."

Nilifungua daftari haraka nikamwomba ayarudie. Akasukuma kikombe changu karibu yangu. "Kunywa chai. Leo nimechoka. Utarudi ukiwa na masikio."

Mwenyekiti wa kamati hakuona tatizo. Alisema, "Mwalimu, siku hizi nani anawinda? Nyati wako Tsavo, na ni wa serikali. Neno moja linatosha." Nilimwomba asubiri, akakubali. Kisha mvua ikanyesha, mto ukajaa, mitihani ikaja, na mimi nikajiambia kwamba mzee yupo tu, haendi popote. Nilirudi baada ya wiki saba.

Nilimkuta kwenye kiti, upande wake wa kushoto umelegea. Alinitambua. Neno la kwanza alilitoa kwa shida, nikaliandika kama alivyolitamka. La tatu pia. Kwa lile la pili aliinua kiganja cha kulia, akakishikilia hewani, midomo ikitafuta.

"Liko hapo," mkewe alisema. "Linamkwama."

Nilizunguka kuwauliza wazee wengine. Wa Masinga alinipa lake, wa ng'ambo ya mto akanipa lake. Nilimpelekea Mzee Nzioki yote mawili, na yote aliyatikisia kichwa. Nikapekua daftari langu. Kwenye ukurasa wa alasiri aliyonisimulia habari za Muli nilikuwa nimeandika neno la kwetu tu.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Kijitabu kilipochapishwa, mahali pa neno la pili niliacha mstari mtupu. Kamati ilinung'unika kwamba unaonekana kama kosa la mashine. Chini yake niliandika maana yake, na kwamba ni neno aliloitiwa Muli wa Ndithini. Nilimpelekea Mama nakala, mjukuu wake akamsomea. Alimwambia arudie pale pa Muli. "Hapo pako sawa," alisema. "Hata hapo patupu ni pake."

Nimekuandikia haya kwa sababu umeniambia unakwenda Mwala na simu yako kurekodi Kikamba cha nyanya yako. Ni vizuri, nenda. Akikuambia neno usilolijua, liache lilivyo. La kwako unalo tayari, halitapotea. Akianza kukusimulia wafu wake, usizime simu ukidhani ametoka nje ya habari. Ukimaliza, mwekee rekodi asikie, na akikataa, kubali. Na usingoje likizo ya Disemba. Mimi nilingoja wiki saba, na hazikuonekana nyingi nilipokuwa nazihesabu.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akufungue masikio mapema kuliko alivyonifungua mimi, na nyanya yako umkute na afya, ana sauti, na hana haraka.