Kilio Kilichoingia Katika Filamu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilitoka kununua mikate hapa kwetu komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, si ile nchi, na watoto wa lupango wakanikimbia. Lupango ndiyo ile yadi yetu yenye nyumba nyingi za kupanga. Ni watoto walewale ambao jioni wananikalia magotini wakidai hadithi. Nikajiangalia suruali, nikafikiri labda imechanika. Suruali ilikuwa nzima.

Aliyeniambia sababu ni mama Kabedi, mwenye lupango, na alisimama mbali. "Baba, tulikuona mu filme. Ulimuingiza mutoto mu shimo, mutoto akalia, akapotea. Bantu banaogopa. Utafute nyumba ingine mbele ya siku ya Mungu." Siku ya Mungu ndiyo Jumapili.

Ngoja nikueleze hiyo filamu. Mpwa wangu Solange, ambaye kazi yake ni hizo filamu, aliitengeneza hapahapa Lubumbashi. Alinipa mimi kuwa mzee anayemshika mkono mtoto yatima na kuingia naye katika shimo la zamani la wachimbaji. Shule niliiacha mapema, lakini maigizo nayajua. Ujanani nilikuwa katika kundi la mzee Kasongo, mtu mkali, ambaye aliegesha baiskeli yake mlangoni ili mtazamaji asitoke kabla ya mwisho wa mchezo. "Mukitoka sasa," aliwakemea watu, "mutaenda kusema bwana-arusi alikufa. Ngojeni, iko anaamuka." Sisi vijana tulimcheka. Baiskeli yenyewe haikuwa hata na breki, lakini nisipotee njia.

Solange alionyesha filamu mara ya kwanza katika ukumbi mmoja mjini. Kijana fulani akairekodi kwa simu, amejificha katikati ya watu, na simu ikazimika filamu haijaisha. Nakala hiyo ikasambaa simu kwa simu, Kenya nzima ikaiona bure. Bure gani ile? Picha nyeusi kama makaa, kichwa cha mtu kinapita mbele. Tena ukumbini alikuwapo mama mwenye mtoto mchanga. Mimi nilipoingia shimoni na yule yatima, mtoto mchanga wa watu akaanza kulia, akalia kwelikweli, halafu giza. Basi. Watu wakasema mzee amemla.

Hapa kwetu, mwanangu, jina la uchawi si la kuchezea. Mzee akishabandikwa, hata mlango wa ndugu unafungwa. Nikaanza kukunja godoro.

Solange alipofika aliliona godoro, akaniuliza, nikamsimulia yote. Akanieleza kwamba filamu sasa imewekwa mahali pake halali kwenye mtandao, mtu analipia kidogo, anaiangalia nzima. Jumapili yenyewe, nami sijahama bado, watu walipotoka misa, akamwomba mama Kabedi televisheni yake. Mama hakutaka. Solange akamwambia, "Mama, ukiona mwisho na ungali unamuogopa, miye mwenyewe nitabeba godoro yake."

Umeme siku ile ulitukubali. Watu wakajaa sebuleni na madirishani, waoga wakakaa karibu na mlango. Mimi nikaachiwa nafasi kubwa peke yangu, utadhani gavana.

Picha ilikuwa safi, hata mvi zangu ungezihesabu. Tukaingia shimoni. Watu wakangoja kilio. Hakuna kilio. Yatima ananiuliza tunaenda wapi, nami namwambia bosi wa wachimbaji anamtafuta amtie kazini, na shimo hili lina mlango mwingine. Halafu, mwanangu, tunatokea upande wa pili, mtoto mabegani mwangu, mvua ya kwanza inatunyeshea! Mwishoni majina yakapita, na langu likasomwa kwa sauti na nusu ya chumba.

Lupango ikalipuka kwa vigelegele. Wanawake wakapiga sufuria. Watoto wakanirukia mpaka kiti kikavunjika mguu, na mwenye kiti hakulalamika. Mama Kabedi akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Baba, juu ya nini haukusema kama ulikuwa unamuokoa?"

"Nilisema, mama. Nilisema mu filme."

Akacheka mpaka akakaa chini. Godoro langu, lililokuwa limekunjwa tayari mlangoni, alilirudisha ndani yeye mwenyewe, kichwani, akizunguka lupango yote ili kila mtu amwone.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Filamu ya wizi inakupa nusu ya maneno na kilio cha mtoto wa mtu mwingine. Wakati mwingine inakuachia na ugonjwa ndani ya simu, na aliyeitolea jasho hapati hata asante. Angalia kazi ya mtu pale mwenyewe alipoiweka, uiangalie mpaka majina yapite. Kisha iseme unavyotaka, hata ukiiponda, utakuwa unaponda kitu ulichokiona.

Mungu akulinde uendako, akupe afya na kicheko. Na siku utakapotengeneza kitu chako, watu wakipokee kizima kutoka mikononi mwako.