Kofia ya Sufu ya Muganyizi

Mdogo wangu Muganyizi anachomelea mageti pale Kiseke. Ana mikono ya dhahabu na akili za kitoto, na nasema hivyo kwa sababu mimi dada yake ndiye niliyemlea. Upara ulimwanza mapema kama wanaume wote wa kwetu Muleba, wala hakuujali hadi alipompata Wilhelmina, binti wa Kisukuma mwenye duka la vyombo na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Siku moja wako sokoni Nyamagana, muuza vitambaa akamwambia, "Mzee, mnunulie binti yako hiki." Basi! Wilhelmina alicheka mpaka akashika mbavu. Muganyizi hakucheka.

Akatuaga kwamba amepata kazi ya mageti Dar. Kumbe ameenda kupandikizwa nywele! Wanazinyofoa kisogoni, wanazipanda mbele mojamoja, kama miche ya vitunguu. Walimwonya akae kichwa wazi, aoshe taratibu, asipake kitu. Aliporudi akavaa kofia ya sufu ili asionekane, na chini yake akapaka samli, maana kwetu mtoto akichelewa kuota nywele hupakwa samli. Samli, jamani! Kwenye vidonda vibichi!

Siku ya posa ilipofika, uso ulikuwa umemvimba. Nikimuuliza, ananijibu ni mafua. Hofu ilinishika kweli. Mzee Ndalahwa, baba yake Wilhelmina, hana masihara kwenye mambo ya heshima, na nilijua posa ile ikivunjika, Muganyizi hatapata tena mtu wa kumpenda vile.

Tukaingia kwa wakwe. Muganyizi akapiga magoti, kofia kichwani. "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. "Kijana, unaniamkia na kofia?"

Pius, mshenga wetu, akakohoa. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Muganyizi akaivua taratibu, huku akiuma meno, maana ilikuwa imeganda. Usaha, samli na nyuzi za sufu, vyote pamoja. Nikapiga yowe, "Mungu wangu, kichwa kimeoza!"

Wilhelmina alipaswa kukaa ndani mpaka aitwe. Wapi! Alitoka mbio, akamgusa shingoni. "Unachemka! Nani kakufanya hivi?"

"Nilichoka kuitwa baba yako," Muganyizi akasema, machozi yakimtoka mbele ya baba mwenyewe.

Mzee Ndalahwa, ambaye upara wake unang'aa kuliko sufuria, alijipapasa utosi. "Marahaba," akasema hatimaye. "Haya, mpelekeni hospitali. Posa haimhitaji yeye. Mshenga si yupo?"

Basi Wilhelmina akampakia kwenye bajaji, na sisi tukabaki kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Sijawahi kuona posa ya namna ile.

Hospitali walimlaza. Daktari alimfokea kwa kuficha kidonda, akamnyoa kichwa chote, akamsafisha, akamwekea dripu. Wilhelmina alimlisha uji kwa kijiko na kumsema kwa zamu. Nywele nyingi zilizopandwa zilikufa, zimebaki vishungi vichache mbele na kovu la kama kiganja. Lakini homa ilikatika, na mdogo wangu akapona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikanisikia.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Muganyizi aliingia kanisani kichwa wazi, kovu lote nje, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Juzi tulikwenda sokoni watatu kutafuta mapazia. Muuza vitambaa ni yuleyule. "Mzee," akaanza, "binti yako kachagua vizuri."

Muganyizi akajipapasa kovu.

"Huyu mke wangu, bwana," akasema. "Na huo uzee usinipe bure, tupunguzie bei."

Wilhelmina akaangua kicheko, na safari hii Muganyizi ndiye aliyeshika mbavu.