Mgeni Aliyeingia na Vigelegele

Juzi, nikiwa Busisi, nilisikia vigelegele vya msafara wa harusi uliokuwa ukivuka daraja, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kisesa. Ua wote ulinukia samli na samaki wa kubanika. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikadhani kuna anayeoa. Akaingia mwanamume aliyekonda, kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo, mgeni," nikamwamkia.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

Sikujua kwamba Waingereza walimfunga kwa kuwahimiza watu wadai uhuru. Walipomchukua nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nikamtajia jina langu, kisha, kwa fahari, jina la baba yangu.

Akapiga magoti vumbini mbele yangu.

"Huyo ndiye mimi, mwanangu," akasema.