Sukari ya Kupandia Himalaya

Jumamosi nilikuwa kwa wakala wa safari kule Mississauga, ughaibuni, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, nikingoja tiketi yangu. Mbele yangu bwana mmoja Mtanzania alikuwa amemleta mkewe, maana bila idhini ya mama huyo hakuna Himalaya, na bwana Himalaya ameiota tangu ujana.

"Nimechagua njia isiyo na watalii," alisema, akipitisha kidole kwenye ramani. "Mchana unatembea, jioni unafika nyumba ya chai. Unakula, unalala."

Mke akakikamata kile kidole. "Nyumba ya nani?"

"Ya familia yoyote ya pale."

"Kila jioni familia nyingine! Na unawapelekea nini?"

"Mama, mgeni analipa," wakala akaingilia.

"Kulipa ni kulipa, mwanangu. Kwa watu hatuingii mikono mitupu. Kila nyumba sukari, kitenge cha mama mwenye nyumba, na majani ya chai."

"Majani ya chai kwenye nyumba ya chai?" wakala akashangaa.

"Wakipokea wageni kila jioni, hayawaishii?"

"Mzigo wote huo nitaubebaje?" bwana akalia.

"Basi pita njia ya watalii. Kule wameshazoea wasio na adabu."

Bwana aliitazama ramani kama anayeaga maiti. Kisha akamgeukia wakala: "Niongezee wapagazi wawili."

Mke akakiachia kidole.

Wenzetu hupanda Himalaya kupimana nguvu na mlima. Sisi tunakwenda kuwajulia watu hali. Nasikia kule juu hewa ni haba. Sukari haitakuwa haba.